Ampu ya valvu ya wati 5 ipasuke zaidi: pedali, kubadili vifaa vya ndani, au kuongeza valvu?

UziWaSita (Michenzani)

Assalaam alaykum jamaa. Ami yangu wa Maskati kaniletea ampu ya valvu ya kuunganisha mwenyewe, muundo wa Fender Champ 5F1. Ina 12AX7 moja, 6V6 moja ya kusukuma spika, na 5Y3 ya kugeuza umeme. Kitufe ni kimoja tu, cha sauti. Spika inchi 8. Transfoma yake ni ya volti 230, kwa hivyo naichomeka ukutani moja kwa moja.

Sauti safi ni tamu mno. Nikiifungua mpaka mwisho sauti inapasuka kidogo, yaani inakwaruza, mpasuko wa bluzi. Mimi nataka zaidi ya hapo, ile sauti ya roki nzito ambayo noti ukiishika inaendelea kulia. Lakini sitaki kuipoteza sauti safi, maana ampu hii hii naipeleka kwenye mazoezi ya taarab. Jambo jengine, nakaa ghorofani na ukuta wangu ndio ukuta wa jirani.

Nimeona njia nne: kuweka pedali mbele, kubadili valvu, kubadili kapasita na rezista ndani, au kutoboa chesisi niongeze valvu nyengine. Walioshika ampu hizi kwa mikono yao wanishauri. Kulehemu najua, ila nimezoea jeki na nyaya za gitaa, volti kubwa sijazigusa.

FundiWaMlandege

Wa alaykum salaam. Karibu sana. Hiyo ni ampu nzuri ya kujifunzia kwa sababu sakiti yake yote unaiona kwa jicho, hakuna kilichofichwa.

Valvu itoe kwenye orodha mwanzo. 12AX7 ina kipimo cha kukuza 100. 5751 ina 70, 12AT7 ina 60, na 12AY7 iko chini zaidi. Ukitoa 12AX7 ukaweka 12AX7 ya kiwanda chengine, utapata tofauti ndogo ya ladha na labda ya kelele, gaini, yaani kiasi cha kukuza ishara, itabaki pale pale. Soma tu maandishi kwenye kioo. Kama aliyepanga vifaa alikuwekea 12AY7, hapo kubadili kutasikika.

Sasa lililo muhimu zaidi. Usiulize "gaini kiasi gani" kabla ya kujua sauti inapasukia wapi. Katika Champ ishara ya gitaa inapita nusu ya kwanza ya 12AX7, halafu kitufe cha sauti, halafu nusu ya pili, halafu 6V6. Gridi ya 6V6, yaani mguu wake wa kuingilia ishara, inajaa kwa volti zisizofika 20. Nusu ya pili ya 12AX7 inaweza kutoa mara kadhaa ya hizo. Maana yake, kila ukipandisha sauti, inayopasuka kwanza ni 6V6, na 6V6 ikipasuka ampu inatoa nguvu zake zote. Ndiyo maana unapata mpasuko laini, na unaupata kwa kelele kubwa tu.

Roki nzito unayoitaka hupasukia kabla ya valvu ya nguvu. Kila njia watakayokutajia wenzangu, ipime kwa swali hilo: hii inapasukia wapi?

NahodhaFX

Mimi nasema pedali, na nasema bila kusita. Nina sababu tatu.

Ya kwanza ni jirani yako. Pedali kama RAT inapasua sauti ndani yake kwa diodi, ampu inaweza kubaki chini kabisa na bado gitaa linanguruma. Ya pili ni taarab: ukikanyaga imezimika, sauti safi imerudi, hukubadili chochote. Ya tatu ni usalama, unashughulika na betri ya volti 9.

Kuna watu wanaona pedali si "sauti ya valvu". Hebu sikilizeni Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe. Brian May, mpiga gitaa wao, sauti yake ameijenga kwa kifaa kidogo cha kuongeza trebo kilichowekwa mbele ya Vox AC30, kikiisukuma ampu mpaka ipasuke. Kifaa cha nje na valvu za ndani vinafanya kazi pamoja, si maadui.

Kwa Champ yako ningechagua Tube Screamer au ya mfano wake, gaini chini na kiwango juu. Sakiti yake inaanza kupunguza gaini ya besi kuanzia hezi 720 kwenda chini, kwa hivyo inaisukuma katikati. Spika ya inchi 8 haiwezi kubeba besi iliyopasuka, inabaki kupumua tu. Ukiikata besi kabla ya mpasuko, noti zinasikika moja moja.

MpembaWaWete

NahodhaFX hapo kwenye besi umesema kweli tupu. Lakini mimi nimeifanyia Champ kazi ya ndani na siwezi kurudi nyuma. Nieleze kwa urefu kidogo, maana hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote na faida yake ni kubwa.

Nusu ya kwanza ya 12AX7 kwenye 5F1 ina rezista ya omu 1,500 chini ya kathodi (mguu wa valvu unaotoa elektroni), na haina kapasita pembeni yake. Bila kapasita, rezista hiyo inajirudishia ishara na kuipunguza. Ukipiga hesabu kwa rezista ya omu 100,000 juu kwenye anodi (mguu wa kutokea ishara), hatua hiyo inakuza kama mara 30. Ukiweka kapasita sambamba na ile ya kathodi inakuza karibu mara 60. Kapasita moja, ncha mbili za kulehemu, gaini mara mbili.

Uzuri wenyewe uko kwenye ukubwa wa kapasita. Wengi huweka mikrofaradi 25 kama ampu nyingi za Fender. Hiyo inakuza kila kitu, na besi ndiyo inayofika mwanzo kwenye hatua inayofuata na kuifanya itapike. Mimi niliweka mikrofaradi 0.68, thamani ambayo Marshall wameitumia sana. Kwa rezista ya 1,500 nyongeza inaanza karibu na hezi 150 na inazidi kupanda mpaka kupita hezi 300. Uzi mnene wa gitaa uko hezi 82, kwa hivyo mzizi wa noti ya chini unabaki kama ulivyokuwa, na kinachosukumwa ni kifua na meno ya sauti. Nikipiga kodi ya nyuzi mbili za chini kwa kiganja kilichobana, nasikia "ja-ja-ja" kavu. Na mikrofaradi 25 nilikuwa nasikia "vuuu".

Ukitumia ya 25, hiyo ina chanya na hasi. Chanya iende kathodini, na volti 25 za kuandikwa zinatosha kwa sababu pale kuna volti moja au mbili tu. Ya 0.68 isiyo na upande ni rahisi zaidi.

BesiYaMkunazini

Mpemba, hiyo nakubaliana nayo, ila peke yake haitamfikisha anapotaka. Fundi ameshaeleza: 6V6 ndiyo inayopasuka kwanza. Ukimzidishia gaini mbele, atafika kwenye mpasuko kitufe kikiwa robo badala ya mwisho, lakini kelele ni ile ile. Wati 5 si kidogo jamani. Spika ya desibeli 95 kwa wati moja, ukiipa wati 5 inafika desibeli 102 umbali wa mita moja. Magorofa ya Michenzani, baada ya Isha?

Anachohitaji ni masta, kitufe cha pili cha sauti kinachokaa kabla ya 6V6. Kwenye gridi ya 6V6 kuna rezista ya omu 220,000 inayokwenda chini, yaani kwenye chesisi. Itoe, weka potenshiometa (rezista ya kuzungusha) ya 250,000, mguu wa kati uende gridini. Sasa nusu ya pili ya 12AX7 inaweza kupasuka mpaka ichoke na wewe unaamua 6V6 ipate kiasi gani. Msimwekee ya milioni moja kama wanavyofanya wengine. 6V6 kwa bayasi ya kathodi (volti inayoipanga valvu ikae sawa, inayotoka kwenye rezista ya kathodi) haitaki zaidi ya omu 500,000 kwenye gridi yake, ukizidisha bayasi inaanza kutangatanga valvu ikipata moto.

Atenyueta kati ya ampu na spika ni njia nyengine ya kupunguza kelele, na inafanya kazi, lakini inatunza mpasuko wa 6V6. Huo anao tayari, na siyo anaoutafuta.

UziWaSita

Dada Besi umenifungulia mlango, masta sikuwa nimeifikiria kabisa. Je, ile fidibaki inayotoka kwenye spika? Nimesoma kuwa ukiikata ampu inakuwa kali zaidi. Na kuongeza valvu nyengine mnaionaje? Hiyo ndiyo iliyonivutia mwanzo.

FundiWaMlandege

Fidibaki kwenye 5F1 ni rezista ya omu 22,000 kutoka kwenye spika kurudi kathodi ya nusu ya pili. Kazi yake ni kupunguza gaini na kunyoosha sauti. Ukiitoa ncha moja, gaini inapanda, mpasuko unaanza mapema na unakuwa na makali, na spika inakuwa huru zaidi huko chini. Kwa bluzi inapendeza. Kwa taarab sitaki, kwa sababu ule utulivu wa noti moja moja za gitaa nyuma ya kanuni na fidla unatoka kwenye fidibaki hiyo hiyo. Kama utaigusa, weka swichi. Tena ukiwa na masta, kadiri unavyoishusha na fidibaki inapungua nguvu yenyewe, kwa hivyo sehemu ya kazi hiyo utaipata bila kukata kitu.

Kuhusu kuongeza valvu namwachia MaalimSakiti, ameshajenga za namna hiyo.

MaalimSakiti (Chake Chake)

Nimejenga, na ninazipenda kuliko pedali yoyote. Lakini ampu ikishatobolewa na kupangwa upya si Champ tena, na mwenye ampu alijue hilo kabla hajashika drili.

Hatua tatu za 12AX7 zilizofuatana, kila moja ikikuza mara 60, kwenye karatasi zinazidisha ishara zaidi ya mara 200,000. Hakuna anayeweza kutumia gaini hiyo yote. Mvumo mdogo wa umeme wa hezi 50 unaopita kwenye waya wa kuwashia valvu utasikika mpaka ukumbini. Kwa hivyo nusu ya kazi ya kuongeza hatua ni kuongeza gaini, na nusu ya pili ni kuitupa sehemu yake. Baina ya hatua na hatua unaweka rezista mbili za omu 470,000 zigawe ishara nusu kwa nusu. Kapasita ya kupitishia unaipunguza kutoka mikrofaradi 0.022 hadi 0.0022, ambayo ikiwa na omu milioni moja mbele yake inaanza kukata chini ya hezi 72. Tena besi hiyo hiyo, mnaona kila mtu anairudia.

Halafu kuna siri ya Marshall 2203, ampu iliyotoka mwaka 1975. Hatua moja ndani yake ina rezista ya omu 10,000 kwenye kathodi badala ya 1,500 au 2,700. Valvu inakaa baridi, karibu imezimika, kwa hivyo wimbi linakatwa upande mmoja kabla ya mwengine. Huo mkwaruzo mkavu wa roki mnaoujua unatoka pale kwa sehemu kubwa. Ajabu ni kuwa hatua hiyo inakuza kidogo kuliko nyengine. Nawaomba muishike hii: mpasuko mzuri hautoki kwenye gaini kubwa peke yake, unatoka kwenye hatua iliyopangwa ikate pahala fulani.

Gharama zake: 12AX7 moja inataka ampia 0.3 kwa volti 6.3 za kuwashia. Sasa hivi unatumia 0.75, yaani 0.3 za 12AX7 na 0.45 za 6V6. Utafika 1.05, basi soma transfoma yako inabeba kiasi gani. Nyaya za kuwashia zisokotwe pamoja. Waya wa kuingilia uwe wa kukingwa. Rezista ya gridi ikae mdomoni mwa soketi hasa, si mwisho mwengine wa waya. Ukivipuuza hivyo ampu itapiga mluzi bila gitaa.

Kwa mtu ambaye volti kubwa hajazigusa, simshauri aanzie hapa. Akianza na kapasita ya Mpemba na masta ya Dada Besi, atakuwa na hatua mbili zinazopasuka vizuri, na pedali mbele ikiwa hatua ya tatu. Hapo ameshaifikia sauti hiyo bila drili.

MzeeWaRedio

Wanangu, mmesema mengi ya maana na nimefurahi kuona vijana wanaishika valvu. Lakini hakuna aliyemwambia huyu mwenzenu habari ya umeme, na mwenyewe amesema hajazoea. Nitaisema mimi.

Ndani ya ampu hiyo kuna karibu volti 340 za mkondo mnyoofu. Ukichomoa plagi, volti hizo zinaweza kubaki ndani ya kapasita kubwa za kuchujia. Kuchomoa plagi si kuzima. Chomoa, subiri, kisha chukua rezista ya omu 10,000 ya wati 5 iliyofungwa waya uliofunikwa vizuri, uguse nayo kati ya chanya ya kila kapasita kubwa na chesisi kwa sekunde kadhaa. Usitumie bisibisi, unachoma kapasita na unarusha cheche machoni. Baada ya hapo pima kwa mita. Mita ikisema chini ya volti 10 ndipo utie mkono, na mkono mmoja, mwengine mfukoni. Pima tena ukirudi kutoka kunywa chai.

Waya wa erthi usikatwe hata kama mtu atakwambia unaondoa mvumo. Na ampu isiwashwe bila spika, transfoma ya kutokea inaweza kuungua.

Kwa sisi wa visiwani kuna jambo jengine. Hewa ya chumvi inakula miguu ya soketi. Ampu ya gaini ndogo inaficha ugonjwa huo, ampu ya gaini kubwa inautangaza: kach-kach, mvumo unaokuja na kuondoka. Kabla ya kuongeza chochote, ampu ikiwa baridi na imeshamaliza umeme, toa valvu, tia dawa ya kusafishia kontakti kwenye soketi, chomeka na kuchomoa valvu mara kadhaa, acha ikauke. Na umeme ukikatika wakati unapiga, zima swichi. Ukirudi, subiri utulie kwanza.

NahodhaFX

Mzee shukrani sana, hayo ndiyo yanayotufanya tubaki hai. Mimi bado nashikilia pedali iwe ya kwanza, ila masta ya omu 250,000 imenikosha. Pedali kwenye Champ yenye masta ni bora kuliko pedali kwenye Champ iliyo wazi, hilo nalikubali, maana nusu ya pili ya 12AX7 inakuwa imeshaanza kuuma na pedali inaimalizia.

UziWaSita

Basi nimeamua: soketi kwanza kama alivyosema Mzee, kisha kapasita ya 0.68 yenye swichi ili siku ya taarab niitoe, kisha masta. Pedali nitaazima nisikilize. Valvu ya ziada naiweka pembeni. Swali langu la mwisho ni nafasi. Chesisi ina jeki mbili za kuingilia, kitufe cha sauti, taa na swichi, imejaa. Masta na swichi ya kapasita niviweke wapi bila kutoboa?

BesiYaMkunazini

Jeki ya pili huitumii, sivyo? Ile ya ishara ndogo. Itoe, tundu lake ndilo la masta. Jeki ya kwanza ibaki na rezista yake ya omu milioni moja kwenda chini, na rezista moja ya 68,000 kwenda gridini inatosha. Ya pili iliyokuwa ya jeki uliyoitoa, iondoe.

Potenshiometa ya 250,000 ni ile ile ya gitaa za aina ya Stratocaster. Tafuta yenye swichi ya kuvuta. Kuizungusha ni masta, kuivuta ni kapasita ya kathodi, tundu moja kazi mbili. Kathodi ina volti moja au mbili tu, swichi ya gitaa inaiweza bila wasiwasi. Masta nayo iko nyuma ya kapasita ya kupitishia, volti kubwa haifiki, ila hakikisha kapasita hiyo imeandikwa volti 400 au zaidi.

Swichi iweke upande wa chini wa kapasita, kati ya kapasita na chesisi, kisha sambamba na swichi lehemu rezista ya omu milioni moja. Hiyo inaiweka kapasita tayari imejaa hata swichi ikiwa wazi, ukivuta katikati ya wimbo spika haipigi "top". Waya wa kwenda masta na kurudi gridini uwe wa kukingwa, kinga yake uifunge chini upande mmoja tu.

MpembaWaWete

Na ukishaiwasha, anza na masta robo, sauti robo tatu, kapasita imevutwa. Hapo ndipo yangu inapokaa nikipiga usiku.